Fimbo Tatu: Waliyoandika Wanazuoni Wetu Kuhusu Kijana wa Chuoni



Ndugu msomaji, kama wewe ni mwanamume na ulikulia hapa pwani kwetu, huenda ulipelekwa chuoni vile nilivyopelekwa mimi. Baba alinishika mkono baada ya swala ya alasiri, mimi na juzuu yangu kwapani, tukafika mlangoni kwa maalim. Walipokwisha kuamkuana, baba akamwambia: huyu ni wako, nyama yako, mifupa yangu. Yaani mchape utakavyo, mradi ukinirudishia niweze kumtambua. Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka.

Dada zangu walipopelekwa, hakuna aliyetaja nyama wala mifupa. Sisemi hawakuchapwa, lakini kile kikoto chenyewe kilikuwa chetu sisi wavulana, na juu ya kikoto palikuwa na amri ya pili: usilie, wewe ni mwanamume. Tulikuwa na mwenzetu mmoja mwenye kigugumizi. Akianza aya, neno la kwanza linakwama kooni, na maalim akidhani ni mzaha. Alichapwa karibu kila siku. Siku moja hakuja, na hakuja tena. Baadaye tukawa tukimwona Likoni, pale feri, akiuza njugu. Nitarudi kwake huko mbele.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba hivyo ndivyo dini inavyofundishwa, na kwamba hivyo ndivyo ilivyofundishwa tangu zamani. Nilikuwa nikiwasikia watu wakisema mambo ya haki za watoto yameletwa na wazungu pamoja na mashirika yao. Kumbe, ndugu yangu, jambo hili wanazuoni wetu walikuwa wameliandikia vitabu zaidi ya miaka 1,100 iliyopita. Nataka leo nikupeleke kwao, hasa kwa wawili watatu ambao majina yao hatuyasikii sana huku kwetu.

Tuanzie Qayrawan. Ni mji ulioko Tunisia ya leo, ulioanzishwa na Uqba bin Nafi mwaka 50 wa Hijria (670). Karne mbili baadaye mji huo ulikuwa moja ya nyumba kubwa za elimu ya Kiislamu, na mkubwa wa wanazuoni wake alikuwa Imam Sahnun, aliyefariki mwaka 240 wa Hijria (854). Huyu ndiye aliyekusanya al-Mudawwana, kitabu kikubwa cha fiqhi ya madhehebu ya Imam Malik. (Sisi huku wengi wetu ni Shafi, lakini adabu ya mtoto haina madhehebu.) Alikuwa pia kadhi wa Qayrawan, mtu mkali katika haki, ambaye hata wakubwa wa dola walikuwa wakimchelea.

Sasa, kadhi huyu mkali alikuwa na mtoto wa kiume, Muhammad. Wakati ulipofika alimpeleka chuoni kama baba yeyote. Na wanahistoria wa Qayrawan wametuhifadhia alichomwambia maalim siku hizo. Hakusema habari ya nyama na mifupa. Alimwomba maalim asimtie adabu mwanawe isipokuwa kwa kumsifu na kwa maneno laini, kwa sababu mtoto huyu, alisema, si wa kufunzwa kwa kupigwa na kukaripiwa. Maana yake baba alikuwa amemtazama mwanawe vizuri. Alimjua ni mtoto wa namna gani, na aliona ni juu yake kumweleza maalim kabla hajaondoka pale mlangoni.

Je, mtoto huyo aliharibika? Alideka? Muhammad bin Sahnun alikua akawa mwanazuoni mkubwa mwenye vitabu vingi, akafariki mwaka 256 wa Hijria (870). Na kimoja katika vitabu vyake ni kidogo tu, kiitwacho Adab al-Muallimin, yaani adabu za walimu. Ni katika vitabu vya kwanza kabisa vya Kiislamu vilivyoandikwa juu ya chuo peke yake, na kilichapishwa Tunis mwaka 1931. Mengi ya yaliyomo ameyapokea kwa baba yake. Zingatia jina lake: si adabu za wanafunzi. Ni walimu ndio wanaotiwa adabu humo.

Hebu tukifungue. Linakuja mapema suala la usawa: maalim aliyekabidhiwa watoto akamfundisha mtoto wa tajiri tofauti na mtoto wa maskini, huyo amekhini amana. Kisha yanakuja mambo ambayo ukiyasoma utadhani mwandishi alikaa katika chuo chetu sisi. Maalim asiwatume watoto katika shughuli zake. Asiwatake walete zawadi zaidi ya ujira waliokubaliana na wazazi. Asimzuie mtoto chakula chake na kinywaji chake. Watoto wana haki ya mapumziko: Idi ya mfunguo mosi siku moja na si vibaya zikiwa tatu, Idi ya kuchinja siku tatu na si vibaya zikifika tano. Sisi Idi ikiisha kesho yake tulikuwa tunaitwa kuja kufagia!

Na fimbo? Fimbo imo, nisikudanganye. Hawakuiondoa kabisa. Lakini waliizungushia ua. Isizidi mitatu kwa ajili ya masomo, na anayetaka kuzidisha lazima apate idhini ya baba. Asipige kichwa wala uso. Asipige kwa sababu amekasirika, bali kwa manufaa ya mtoto mwenyewe. Na akipita mpaka, mtoto akadhurika, maalim anabebeshwa dhamana kama mtu mwingine yeyote aliyemdhuru mwenzake. Soma tena hapo. Mvulana wa miaka minane au tisa, hajui kusoma vizuri, lakini mwili wake una haki ambayo kadhi anaweza kuidai kwa mtu mzima mwenye kilemba.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, katika mji huohuo, akaja Abul-Hasan al-Qabisi, aliyefariki mwaka 403 wa Hijria (1012). Alikuwa kipofu. Aliulizwa maswali mengi juu ya vyuo na walimu, akayajibu katika risala ndefu. Huyu ndiye nimpendaye zaidi, kwa sababu anaonekana aliwasikiliza watoto kwa masikio. Anamwonya maalim asikae amenuna wakati wote, maana watoto wataizoea sura hiyo na haitakuwa na maana tena. Anakumbusha habari ya Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, ambaye aliamuru mtu apigwe kisha akasema mwacheni, kwa kuwa alijikuta ndani yake ana ghadhabu, akachukia kumpiga Muislamu hali amekasirika. Kama khalifa alijizuia, maalim wa mtaani ni nani?

Wanazuoni hawa wa Qayrawan wanataja na jambo ambalo sisi tunaona haya hata kulinong'ona. Wanamtaka maalim awachunge watoto, akiwako mkubwa anayekaribia baleghe ambaye inachelewa atawaharibu wadogo. Miaka elfu moja iliyopita walijua kwamba mvulana naye anaweza kuharibiwa, na kwamba anahitaji mtu mzima wa kumlinda. Sisi leo tukisikia mtoto wa kike amefanyiwa ubaya tunasimama, na ni haki tusimame. Mtoto wa kiume akifanyiwa, tunafunga mlango tukasema yatapita, asije akaaibika.

Sasa tuondoke Qayrawan twende mashariki, Tus, nchi ya Uajemi, kwa Imam al-Ghazali. Yeye na ndugu yake Ahmad walikuwa mayatima. Baba yao alipohisi mauti aliwausia kwa rafiki yake mcha Mungu, na mali kidogo aliyowaachia ilipokwisha, rafiki huyo akawashauri waingie madrasa wapate japo chakula. Kwa hiyo aliyeandika Ihya Ulumid-Din alijua utoto wa dhiki ulivyo. Katika mlango wake wa kulea watoto anasema mtoto akitoka chuoni aachwe acheze mchezo mzuri, apumzike na uchovu wa masomo. Ukimnyima mchezo na kumlemeza kwa masomo daima, anasema, unaua moyo wake, unafifisha akili yake na kumtia uchungu wa maisha, mpaka atafute hila za kukimbia. Na akikosea mara moja, ufumbie macho, usimfedheheshe mbele za watu.

Hapa lazima niseme ukweli wote. Katika mlango huohuo, Imam al-Ghazali anasema mtoto akipigwa na maalim asipige kelele sana wala asitafute wa kumwombea, avumilie, aambiwe kwamba hiyo ndiyo desturi ya mashujaa na wanaume. Ndiyo. Ile amri ya "usilie" nayo ina mizizi ya zamani, na mwanazuoni mkubwa aliiandika. Ningeweza kuiruka nisikwambie, lakini historia haiandikwi hivyo. Imam, Allah amrehemu, alizungumza kama watu wa zama zake walivyomwona mwanamume.

Lakini juu ya Imam yuko Mtume (S.A.W.), na hapo hatuna haja ya kubahatisha. Mwaka wa 10 wa Hijria, mwanawe mdogo wa kiume Ibrahim alifariki mikononi mwake. Macho yake yakatiririka machozi mbele ya masahaba. Abdul-Rahman bin Awf (R.A.) akashangaa, akamuuliza hata yeye analia? Akajibiwa kwamba hiyo ni rehema. Swali la Abdul-Rahman ndilo swali letu sisi wote tuliolelewa pwani. Na jibu lilitolewa hadharani, na kiongozi wa umma, machozi yakiwa bado usoni.

Kuna na kisa kingine, kidogo, ambacho wengi wetu tulikisomea nahau na fiqhi bila kukitazama vizuri. Anas bin Malik (R.A.) alikuwa na ndugu mdogo aliyeitwa kwa lakabu Abu Umair, yaani baba yake Umair, ingawa alikuwa mtoto tu. Mtoto huyo alikuwa na kindege akicheza nacho. Kikafa. Mtume (S.A.W.) alipoingia kwao akamwona amehuzunika, akauliza ana nini, akaambiwa. Hakusema ndege tu huyo. Hakusema wewe mwanamume. Alimwita mtoto kwa lile jina la heshima kama anayemwita mtu mzima, akamuuliza kile kindege kimefanya nini. Wanazuoni wametoa hukumu kadhaa za fiqhi katika kisa hicho kifupi. Mimi natazama moja tu: mtu mwenye dola nzima juu ya mabega yake alisimama kuulizia huzuni ya mvulana mmoja.

Anas mwenyewe aliletwa na mama yake, Ummu Sulaym, akiwa na umri wa kama miaka kumi, akamtumikia Mtume takriban miaka kumi. Anasema katika muda wote huo hakuambiwa hata "uff". Siku moja alitumwa, njiani akakuta wavulana wanacheza sokoni, akasimama nao (mvulana ni mvulana, hata wa Madina). Akashtukia ameshikwa nyuma ya shingo. Kugeuka, ni Mtume anacheka, akimwita kwa jina la kumdekeza, Unais. Na usisahau habari ya yule kijana aliyekuwa amekaa kuliani mwa Mtume, wazee wakiwa kushotoni, kikaletwa kinywaji. Haki ni ya aliye kulia. Mtume alimwomba kijana idhini awape wazee kwanza. Kijana akakataa, akasema fungu lake kutoka kwa Mtume hampi mtu. Akapewa yeye. Hakuna aliyemwambia hana adabu.

Mtu wa mwisho ninayetaka umjue ni Ibn Khaldun. Alizaliwa Tunis siku ya kwanza ya Ramadhani, mwaka 732 wa Hijria (1332). Alipokuwa kijana wa miaka kama 17 tauni kubwa iliingia mji huo, ikawachukua baba yake na mama yake na walimu wake wengi. Mwaka 1377, akiwa amejitenga katika ngome moja huko Algeria ya leo, aliandika al-Muqaddima, kitabu ambacho hata vyuo vikuu vya Ulaya vinakisoma. Na ndani yake kuna mlango mzima unaosema kwamba ukali kwa wanafunzi unawadhuru, hasa watoto wadogo.

Wenzake waliotangulia walizungumza kwa hukumu: hii yafaa, ile haifai. Ibn Khaldun anaeleza linalotokea ndani ya mtoto. Anayelelewa kwa ukali na kulazimishwa, anasema, nafsi yake inabanwa, uchangamfu wake unaondoka, anakuwa mvivu. Kisha anajifunza kusema uongo na kuonyesha nje tofauti na kilicho moyoni, kwa kuogopa mkono usimshukie. Anafundishwa hila bila mtu kukusudia kumfundisha. Hila inakuwa tabia. Mwisho anakuwa mtu asiyeweza kujitetea yeye wala nyumba yake, anayetegemea wengine. Naye anarudia ule mpaka wa zamani wa Qayrawan: wasizidishiwe fimbo tatu.

Nilipousoma mlango huo mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Nilikumbuka tulivyokuwa tukivaa kaptura mbili chini ya kanzu. Nilikumbuka tulivyojua kuumwa na tumbo kila Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku ya kusikilizwa hifdhi. Tulikuwa mabingwa. Juzuu Amma tulihifadhi, alhamdulillahi, lakini hila tulihifadhi vizuri zaidi, na wengine wetu wanaitumia mpaka leo makazini na majumbani mwao.

Utaniuliza, basi ikawaje? Vitabu hivi vilikuwako, mbona sisi tulipata kikoto? Jibu moja ni kwamba chuo cha mtaani mara nyingi kiliendeshwa na mtu aliyefundishwa hivyo na yeye, bila kitabu chochote cha malezi mkononi. Pamoja na hayo, hata hapa kwetu hapakukosa waliofuata njia nyingine. Habib Saleh wa Lamu, mwenye Riyadha, aliwafungulia darsa zake watoto wa maskini na wa waliokuwa watumwa, wakati ambapo baadhi ya wakubwa wa mji hawakupenda kuona hivyo. Ule usawa wa Ibn Sahnun, aliufanya.

Jibu jingine liko serikalini. Mkoloni naye alikuja na kiboko chake, na kiboko hicho kilikuwa na jinsia. Mahakama za Kenya ziliweza kuhukumu wanaume na wavulana wachapwe, na wanawake hawakuhukumiwa hivyo. Tulirithi sheria hiyo tukakaa nayo miaka 40 baada ya uhuru, mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Mashuleni, kanuni za mwaka 1972 ziliruhusu viboko visivyozidi sita. Sita! Qayrawan walisimama kwenye tatu katika karne ya tisa. Viboko vya shule vilipigwa marufuku mwaka 2001, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 53 ikamlinda kila mtoto dhidi ya ukatili wa kila namna, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza adhabu ya mwili pamoja na kumsumbua mtoto kiakili. Hapo sasa sheria ya nchi imepita hata pale walipofika akina Sahnun, na mimi siioni kama inapingana nao. Naiona imeendelea na safari waliyoianza. Kuna masheikh ninaowaheshimu wasiokubaliana nami kwa hili, na tumebishana sana.

Nilisema nitarudi kwa yule mwenzetu wa kigugumizi. Tulionana Ramadhani moja, baada ya tarawehe, msikitini kwetu. Ni baba wa watoto wanne sasa. Aliniambia swala za nyumbani anamtanguliza mwanawe mkubwa, hata kabla mtoto hajabaleghe alikuwa akimtanguliza, kwa sababu yeye hawezi kusoma Fatiha kwa sauti mtu akimsikiliza. Peke yake anaisoma, haikwami hata herufi moja. Akisikia pumzi ya mtu nyuma yake, koo linafunga.

Mtoto wake wa mwisho, wa kiume, naye ana kigugumizi. Alikuwa hajampeleka madrasa, na mkewe alikuwa akimlaumu. Nilimwambia twende pamoja. Tukaenda siku ya pili baada ya Idi, alasiri, wakati uleule. Ustadh ni kijana mdogo, huenda hajafika miaka 30. Mwenzangu alisimama mlangoni amemshika mwanawe mkono, na nikaona yeye ndiye anayetetemeka, si mtoto. Ilimchukua muda mrefu kusema. Alisema mwanangu ulimi wake mzito, kama mimi, na ukimharakisha hatasema kitu, na ukimpiga atakimbia, mimi nilikimbia.

Ustadh hakumjibu yeye. Alichuchumaa akawa sawa na yule mtoto, akamuuliza jina lake. Akangoja. Tulingoja wote, nadhani nusu dakika nzima, watoto wengine wamenyamaza na juzuu zao, mpaka jina lote likatoka. Ustadh akasema, karibu, wewe utakuwa unasoma wa mwisho, wenzako wakishatoka, na baba akitaka akae hapo kwenye kibaraza asikilize.

Mwenzangu alivua viatu akaingia ndani, akakaa na wanafunzi.